Kusoma kwa Mbali na Kusoma Chuoni

Siku hizi vijana wetu wa Tanga, Muheza na Pangani waweza kupata shahada bila kulala bwenini hata usiku mmoja. Wazazi hutuuliza kama elimu ya namna hiyo ni elimu kweli. Swali hili si geni kwetu, na mara ya kwanza tulilijibu vibaya.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wawe wameandikishwa shule ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kazi huko huko vijijini kwa miaka mitatu: masomo ya posta, vipindi vya redio, mkufunzi wa kituo, na papo hapo wakishika chaki mbele ya watoto. Hadi katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamehitimu zaidi ya 35,000. Sisi tuliokaa chuoni tuliwacheka. Tulisema UPE maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu".

Kisha tukapangiwa shule moja upande wa Pangani, darasa letu likipakana na la mmoja wao. Kwa hesabu tulimpita, hilo hatulifichi. Lakini maandalio yetu ya somo yalikuwa mazuri na watoto walisinzia. Yeye alijua nani amekesha pwani akivuta nyavu na baba yake, na nani hajala. Tukawa tunachungulia dirishani mwake. Ndipo tulipoona kwamba neno "mbali" tulilitumia ovyo: yeye alikuwa mbali na mkufunzi, sisi tulikuwa mbali na watoto.

Hata hivyo alikuwa na makosa aliyoyabeba miaka mingi bila wa kumsahihisha. Chuoni mwenzako hukukosoa hata mezani, mkila ugali na maharage. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, tuliwatumia wanachuo kazi kwa simu. Majibu yalirudi safi, mengine yakifanana hadi nukta. Nani alijifunza na nani alinakili, hatukuweza kujua.

Kwa hiyo mzazi akituuliza, nasi humwuliza: kijana wako akikosea, nani atamwona? Na kama anasomea ualimu, wiki hii amesimama mbele ya watoto wa nani?