Mwili wa Tabibu ni wa Nani?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Lakini usiku wa Aprili 30, 1961, daktari kijana aitwaye Leonid Rogozov alilazimika kujiganga. Alikuwa tabibu pekee katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, huko Antaktika. Kidole tumbo chake kilikuwa kimevimba, dhoruba ya theluji ilizuia ndege, na bila kupasuliwa angekufa. Akajidunga ganzi, akajipasua kwa muda wa karibu saa mbili, akakitoa. Baada ya wiki mbili hivi alirudi kazini.

Wengi humsifu kwa ujasiri. Tusisahau mikono mingine iliyokuwapo. Mtaalamu wa hali ya hewa alimpa vifaa, na fundi akamshikia kioo na taa. Hawakuwa waganga, Rogozov aliwaelekeza kwanza namna ya kumpa dawa na pumzi endapo angezimia. Hata aliyejiganga hakuwa peke yake.

Hatari hiyo imezaa swali la maadili. Australia huwataka madaktari wake wanaokaa Antaktika majira ya baridi waondolewe kidole tumbo kabla ya kwenda, hata kama hakina ugonjwa. Je, ni halali kukata kiungo kizima katika mwili ulioumbwa na Mungu? Mkristo anayesita ana sababu: mwili ni hekalu, si chombo cha kazi.

Naona jibu katika mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho, kuhusu mwili mmoja wenye viungo vingi. Tabibu pekee akianguka, wote wamekosa tabibu. Kwa hiyo afya yake ni amana anayowatunzia wenzake. Ndivyo alivyofanya pia daktari Valeri Polyakov, aliyekaa siku 437 mfululizo katika kituo cha anga cha Mir, 1994 hadi 1995, ili ijulikane kama mwanadamu anaweza kustahimili safari ndefu ya kwenda Mirihi.

Sadaka ya namna hiyo ni halali ikiwa mtoaji ameielewa na kuikubali kwa hiari. Nasi tunaopokea tuna deni. Katika sharika zetu wako wauguzi, wachungaji na akina mama wanaomhudumia kila mtu mpaka wanachoka. Tukiwaacha wajigange wenyewe, tumepokea sadaka yao bila upendo. Mwili wa tabibu ni wa Mungu kwanza, na kwa sababu hiyo sisi sote tunapaswa kuutunza.