Ukarimu Unaolipiwa
Katika migahawa ya mama ntilie, yaani wanawake wanaopika na kuuza chakula cha bei nafuu, iwe Kilosa mjini inakopita Reli ya Kati au Mikumi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, huzuka swali la kimaadili: je, ukarimu unaolipiwa ni ukarimu? Aristotle aliutenga urafiki wa manufaa, ambao hufa manufaa yakiisha, na ule wa wema, unaomtakia mtu heri kwa ajili yake mwenyewe; lakini mgawanyo huo haumtoshi mpishi anayemwongezea dereva wa lori mchuzi bure, au kumkopesha kibarua wali maharage hadi jioni. Bei hulipia chakula. Nyongeza haidaiwi na yeyote, na pengine ndiyo maana mteja maskini huketi hapo bila kujiona ombaomba, heshima ambayo hata sadaka, pamoja na utukufu wake, haimhakikishii kila mara.