Deni la Aliyesamehewa

Je, aliyeshika bunduki msituni aweza kukabidhiwa nchi aitawale? Jirani zetu wa Burundi walijibu swali hili kwa vitendo.

Marehemu Pierre Nkurunziza alikuwa mtoto wa miaka saba baba yake alipouawa katika mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye mwaka 1993 vilimkuta akifundisha michezo Chuo Kikuu. Mwaka 1995 akaingia msituni. Mwaka 1998 mahakama ilimhukumu kifo, mwenyewe asiwepo. Novemba 2003 kundi lake, CNDD-FDD, lilitia sahihi mapatano mjini Dar es Salaam, na Agosti 2005 Bunge likamchagua kuwa Rais. Hukumu ile iliwekwa kando, kwa maana wapiganaji walipewa kinga ya muda.

Wako wasemao kwamba kinga hiyo iliwadhulumu wafu. Sisi hatusemi hivyo. Vita vilikwisha kuua watu wapatao 300,000. Askofu Mkuu Ruhuna wa Gitega aliuawa mwaka 1996, na Balozi wa Baba Mtakatifu, Askofu Mkuu Courtney, mwishoni mwa 2003. Nani angalithubutu kumwambia mama aliyebakiwa na mtoto mmoja angoje hukumu kwanza, amani baadaye?

Lakini yatupasa kupambanua. Katika Kitubio mwenye kuungama huondolewa dhambi, kisha hupewa malipizi. Kinga ya serikali haiondoi dhambi hata moja. Huahirisha deni tu. Na mwenye kudai ni nani? Si wajumbe walioketi mezani, bali wajane na yatima, ambao hawakuulizwa. Aliyepokea mkopo wa namna hiyo, malipizi yake ni kuitii sheria kuliko raia mwingine yeyote.

Mwanzoni alilipa. Mwaka 2005 ada ya shule za msingi iliondolewa. Mwaka 2006 akina mama wakaanza kujifungua hospitalini bila malipo. Tusimnyime sifa hiyo. Ila mwaka 2015 alitaka kipindi cha tatu, ingawa Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yaliruhusu viwili tu. Alidai kwamba cha kwanza hakihesabiki, kwa kuwa alichaguliwa na Bunge, si na wananchi. Mahakama ya Katiba ikamkubalia. Hoja hiyo ina nguvu yake kwenye karatasi (nasi tuliosoma seminari twazijua sana hoja za namna hiyo). Lakini mtu ambaye kwa ajili ya amani hakupimwa kwa herufi ya hukumu yake, alipataje uso wa kuing'ang'ania herufi ilipomfaa?

Maaskofu wa Burundi waliliona hilo, wakawaondoa mapadre wao katika tume za uchaguzi. Waandamanaji walipigwa risasi. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka, wakajaa Nyarugusu mkoani Kigoma, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuwa wakimbizi kwetu zamani.

Nkurunziza alifariki mwezi Juni 2020, angali Rais, pasipo kusimama mbele ya hakimu yeyote wa dunia hii kwa ajili ya vita vile.