Ujira wa Wanaoomba Imani

Vijana wengi wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, sasa wanatafuta riziki kwa simu. Mmoja anaendesha ukurasa wa Facebook wa duka la nguo zinazotoka Kampala, mwingine anajibu wateja wa WhatsApp wa muuza mabati, wa tatu anapiga picha na kuandika maneno ya kuvutia kwa niaba ya kampuni ndogo ya matangazo ambayo nayo imepewa kazi na wakubwa wa mbali. Wanapokutana, malalamiko yao hufanana. Mshahara wa mwezi huu unasogezwa hadi mwezi ujao. Agizo la asubuhi linafutwa usiku. Kazi ikisifiwa ni ya patroni, yaani bosi; ikiharibika ni ya mtoto aliyeshika simu. Nawasikia, na najizuia kuwapa faraja ya haraka, kwa sababu jambo lao ni zito kuliko wao wenyewe wanavyodhani. Wanatumwa kuwaomba watu imani, na anayewatuma hajafanya lolote la kuwafanya wao wamwamini.

Eneo letu limekwisha kuliona jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi, na bado hatujalizungumza hadi mwisho. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba kuna Ebola Mangina, kilomita kama 30 kutoka mjini Beni. Ugonjwa ukashuka Butembo na Katwa, ukaingia Ituri, ukafika hata Goma. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Ili kuuzima ilijengwa kazi kubwa tuliyoiita Riposte: Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Msalaba Mwekundu, na mashirika ya misaada ya kila bendera. Iliajiri wauguzi, wafuatiliaji wa waliomgusa mgonjwa, wazishi, wapulizia dawa, wapima joto kwenye vizuizi vya barabarani, madereva, wafagiaji. Iliajiri pia reko, wale wahamasishaji wa mtaa waliopita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu kwa nini wakubali chanjo, kwa nini wasioshe maiti ya baba yao, kwa nini mtoto mwenye homa apelekwe mahali ambapo huenda asirudi.

Hao reko nawafikiria sana. Mnamo Septemba 2018 mtafiti Patrick Vinck na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Karibu mtu mmoja kati ya wanne aliona kwamba Ebola haipo. Waliokuwa na imani kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yao hawakufika theluthi moja. Hizo ndizo nyumba ambazo reko alitumwa kubisha hodi. Mama mwenye nyumba anamfahamu: ni mtoto wa fulani, alisoma shule ile, anasali parokia ile. Habari za virusi zinaweza kusubiri. Anachotaka kujua kwanza ni nani amemtuma, na kama huyo mtu anamtendea vizuri.

Jibu la kweli mara nyingi lilikuwa la aibu. Wengi wa ngazi ya chini walilipwa kwa siku, kwa kile kilichoitwa primu, na primu ilichelewa. Watu waligoma, kisha wakarudi kazini mikono mitupu kwa sababu ugonjwa ulikuwa mtaani mwao wenyewe. Nafasi nzuri zilionekana kwenda kwa wageni kutoka Kinshasa na kwingineko, wakizungumza Kifaransa na Lingala, katika miji ambayo kwa wengi Lingala ni sauti ya askari. Vijana wa hapa walisema kwamba jina haliingii kwenye orodha bila kumjua mtu, au bila kumkatia mtu huyo sehemu ya malipo. Magari ya kukodi yalipita kwa misururu, mengine yakisindikizwa na bunduki, na usemi kwamba Ebola ni biashara ukaenea sokoni na makanisani. Reko alipofika mlangoni, usemi huo ulikuwa umeshamtangulia.

Sheria haikuwa imenyamaza. Kanuni ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inadai mkataba wa maandishi, na maandishi yasipokuwepo inamhesabu mfanyakazi kuwa na mkataba usio na kikomo. Inataka mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Hata kibarua wa siku inamkumbuka: akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Napenda kifungu hicho. Waliokitunga walijua kwamba mtu anaweza kuitwa wa leo tu kila asubuhi kwa mwaka mzima, na hivyo akanyimwa kila kinachompasa mtu wa kesho. Lakini ni vibarua wangapi wa kwetu waliowahi kusomewa maneno hayo? Haraka ya ugonjwa ilikuwa ya kweli, na katika wiki za kwanza hakuna mwenye akili angedai kila karatasi ipigwe muhuri. Dharura inayodumu karibu miaka miwili, hata hivyo, si haraka tena. Imeshakuwa tabia ya nyumba.

Kisha kuna wanawake. Hapa lazima niende polepole.

Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha maneno ya wanawake 51 kutoka Beni. Walieleza jinsi wanaume waliojitambulisha kama wafanyakazi wa Riposte walivyowadai miili yao ili wapewe kazi, au wasifukuzwe kazini. Walikuwa wakiomba kazi za kupika, za kufagia, za kuhamasisha watu. Tume huru iliundwa, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mtetezi wa haki za wanawake wa hapa hapa Kongo. Ripoti yake ilitoka Septemba 2021. Iliwataja watuhumiwa 83, wa Kongo na wa kigeni, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Ilieleza ubakaji, na mimba zilizofuata. Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliomba radhi hadharani.

Nimesikia watu wazima, wenye heshima zao, wakisema juu ya wanawake hawa kwamba mwenye njaa hana miiko. Inaniuma kila ninapoisikia methali hii ikitumika hivyo, maana inamtazama asiyehusika. Aliyekuwa na njaa alikuja na njaa yake tu, na njaa si dhambi. Beni ilikuwa na wakimbizi wa ndani, mashamba yaliyoachwa kwa hofu ya wauaji wa mapanga, biashara iliyosimama. Swali la miiko linamwelekea aliyeshiba, aliyekaa nyuma ya meza akiwa na orodha ya majina na kalamu. Kazi iliyokuwa mikononi mwake haikuwa mali yake. Ilikuwa fedha ya watu wa mbali waliotoa ili watu wa Beni wapone. Kuitoza kazi hiyo kwa mwili wa mtu ni kumwibia mara mbili, na wizi huo ulifanyika chini ya bendera ya tiba.

Katika habari zile kuna jambo dogo ambalo halikuzungumzwa sana, nalo ndilo linalonikaa moyoni kuliko mengine. Baadhi ya madereva waliwaambia waandishi kwamba walikuwa wakiwachukua wanawake na kuwapeleka hotelini au nyumbani kwa wakubwa, na kuwarudisha. Mfikirie dereva huyo. Ni mzaliwa wa hapa, ana dada, pengine ana binti. Anapewa agizo kama maagizo mengine: nenda mtaa fulani, mlete fulani. Akikataa, kesho yuko mtu mwingine mwenye leseni anayengoja getini. Akikubali, jioni anakula na watoto wake chakula kilichonunuliwa kwa kazi hiyo. Siwezi kumhukumu nikiwa nimekaa kwangu bila deni lake, wala siwezi kusema hakufanya kitu. Ninachokiona wazi ni kwamba mkubwa mbaya hatosheki na kumdhulumu aliye chini yake. Humfanya pia kuwa mkono wa dhuluma kwa mwingine, mpaka nyumba nzima iwe na siri moja na kila mtu awe na sababu yake ya kunyamaza. Wengi wa wanawake waliohojiwa walisema hawakulalamika popote kwa kuogopa kulipiziwa, kupoteza kazi, kuaibishwa. Hofu hiyo ilitengenezwa kazini, siku kwa siku, kwa mambo madogo kabla ya makubwa: primu isiyoulizwa, jina lililofutwa bila maelezo, bosi asiyesalimiwa isipokuwa kwa kuinama.

Na wafanyakazi hao hao ndio waliokuwa mbele hasira ilipolipuka. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha shughuli zao huko. Tarehe 19 Aprili, Ijumaa Kuu, Dokta Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, mjini Butembo. Siku chache baadaye madaktari na wauguzi waliandamana Butembo wakidai walindwe. Novemba mwaka huo Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliyekuwa akiwaelimisha wasikilizaji wake juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Mwisho wa mwezi huo wakauawa watu wanne wa Riposte huko Biakato Mines na Mangina.

Ningekosea kuuweka umwagaji damu huu wote juu ya mameneja wabaya. Beni imekuwa ikizika watu wake waliouawa kwa mapanga tangu Oktoba 2014, na watu waliuliza kwa haki kwa nini dunia inakuja kwa Ebola na haiji kwa wauaji. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, sehemu nyingine za nchi zikachagua rais bila sisi, na Ebola ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Waliokuwa na silaha walikuwa na malengo yao. Lakini kati ya tuhuma kubwa na mlango wa mtu kulikuwa na reko peke yake, na waliomtuma walimwacha bila ngao pekee ambayo ingemfaa: uwezo wa kumtazama jirani usoni na kusema kwamba hawa ni watu wa haki, nimefanya nao kazi, nawajua.

Butembo inajivunia uhusiano wa patroni na watu wake, na si bure. Wafanyabiashara wa kabila la Wanande walijenga mji huu serikali ikiwa mbali, wakapeleka mizigo Kampala na Mombasa, wakaagiza bidhaa kutoka Dubai na China, wakikopeshana kwa neno tu. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu kutengeneza barabara na kujenga shule kwa mikono na michango yao, na wakati wake, mwaka 1989, chuo kikuu cha Graben kilianza. Ni urithi mzuri. Hata hivyo, ndani ya maduka yetu kuna vijana wanaofungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga usiku, bila mshahara unaojulikana, kwa kuwa ni watoto wa nyumbani. Undugu umegeuzwa kuwa sababu ya kutolipa. Anayelia juu ya wageni wa Riposte ajiulize pia juu ya mpwa wake aliye kaunta.

Yapo yaliyofanyika vizuri, na yanafundisha. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiandika maswali, lawama na uvumi waliousikia mitaani, ili yawafikie wenye kuamua. Hiyo ni kazi ya mtu wa chini kusikilizwa na wa juu, na kila iliposhikwa kwa dhati mambo yalibadilika. Ebola iliporudi Butembo Februari 2021, kazi iliongozwa zaidi na wahudumu wa afya wa hapa hapa. Waliugua watu 12, wakafa sita, na tarehe 3 Mei ikatangazwa kwisha. Chanjo na dawa zilikwisha kuwepo, kweli, na wahudumu walikuwa na uzoefu. Lakini pia aliyebisha hodi alikuwa mtu ambaye mkubwa wake alijulikana anakaa wapi.

Novemba 2023 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba Shirika la Afya Duniani limewalipa wanawake wasiopungua 104 wa Kongo, waliosema walidhulumiwa kingono na watu wa Riposte, dola 250 kila mmoja, na kwamba wengi walitakiwa kwanza wamalize mafunzo ya kujitafutia kipato. Dola 250, na darasa. Naliona jambo hili kuwa mwendelezo wa ile dhuluma ya kwanza: anayedai anageuzwa kuwa mwombaji, na stahili yake inapewa sharti na yule yule anayedaiwa.

Nadai jambo dogo ambalo kila mwajiri wa miji hii anaweza kulifanya wiki hii, awe shirika lenye magari meupe au patroni mwenye kompyuta mbili na vijana wanne. Ampe kila anayemwajiri karatasi kwa Kiswahili, yenye kiasi cha ujira, tarehe ya kuupokea, na jina la mtu wa kupelekewa malalamiko ambaye si yule aliyemwajiri wala ndugu yake. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, madereva wakiwepo.