Ghali na Rahisi katika Baisikeli

Yako maswali ambayo hudharauliwa kwa sababu tu huulizwa dukani. Mtu akiuliza haki ni nini, wenye elimu humtegea masikio. Akiuliza kama raba za breki za bei kubwa zastahili fedha inayozidi, huambiwa aende kwa fundi. Walakini maswali haya mawili yana udugu. Kila atoaye fedha nyingi mahali ambapo kidogo kingetosha, au kidogo mahali palipohitaji kingi, amekwisha kutoa hukumu juu ya kipi ni bora, na juu ya nani atakayebeba hasara hukumu hiyo ikiwa mbaya. Wenye baisikeli wa Unguja hutoa hukumu za namna hii kila siku.

Baisikeli kisiwani humo, kwa watu wengi, si chombo cha mchezo. Mchuuzi hufunga tenga la samaki juu ya keria, akatoka Chwaka kuja mjini, safari ya kiasi cha kilomita 30, na samaki hawamngoji. Mkulima hupakia mikungu ya ndizi au magunia ya muhogo mpaka gurudumu la nyuma likalalamika. Mwanafunzi huenda shule, na mdogo wake ameketi nyuma. Barabara si za milima; kilima cha Masingini, kirefu kupita vyote Unguja, hakifiki mita 150. Adui wa baisikeli hapa si mwinuko, bali chumvi na mvua. Upepo wa bahari hula chuma hata kilichoegeshwa ukutani, na masika huja na maji yanayoosha mafuta yote katika mnyororo. Wakazi wa kisiwa kidogo cha Uzi wameijua taabu hii kuliko wengine: kwa miaka mingi njia yao ya kwenda Unguja Ukuu ilikuwa ile ipitayo katikati ya mikoko, ambayo bahari ikijaa huifunika. Baisikeli iliyopita humo imeoga maji ya chumvi, na spoki zake zitatoa habari baada ya muda si mrefu.

Wahenga walisema rahisi ghali, na neno hili hutajwa kila penye duka. Hesabu yake si ngumu. Ichukuliwe kuwa mpira mmoja wa gurudumu huuzwa shilingi 12,000 na hudumu miezi 6, na mwingine huuzwa shilingi 20,000 na hudumu miezi 18. Katika mwaka mmoja na nusu aliyenunua rahisi ametoa 36,000, na aliyenunua ghali ametoa 20,000. Tena wa kwanza amepoteza siku za kazi akiziba viraka kando ya njia. Hapa methali yashinda bila ya shaka.

Lakini methali hiyo ina upungufu mmoja ambao hautajwi. Yasema kana kwamba wanunuzi wote wawili walisimama dukani na shilingi 20,000 mkononi, mmoja akachagua kwa busara na mwingine kwa upumbavu. Aghalabu sivyo. Yule wa pili alikuwa na 12,000, na kesho asubuhi samaki wanamngoja. Hesabu aijua pengine kuliko mwalimu. Asichokuwa nacho ni zile 8,000. Hivyo maskini hulipa zaidi kwa sababu ni maskini, kisha juu ya hasara hupewa na mawaidha. Kumlaumu mtu kwa kutochagua kile ambacho hakikuwamo katika uchaguzi wake ni dhuluma ndogo, nayo imeenea sana kwa sababu haimgharimu kitu anayeitenda.

Upande wa pili uko upotovu mwingine, nao ni kuamini kwamba bei ni ushahidi wa ubora. Baisikeli za Raleigh, zilizofanyizwa Nottingham huko Uingereza, zilienea Afrika ya Mashariki katika siku za ukoloni, na wazee huzisifu hata leo. Baada yake zikaja Phoenix za Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana katika India. Kisha ikafuata mitumba ya Japani na Ulaya. Kiwanda cha Nottingham kilikwisha kuacha kufanyiza baisikeli tangu mwanzo wa karne hii, lakini jina lingali likiuzwa. Anayelipa ziada kwa ajili ya jina hulipia kumbukumbu ya babu yake, jambo ambalo si haramu, mradi asidhani kuwa amenunua chuma. Na upande wa juu kabisa wa soko viko vyombo vya titani na vya nyuzi za kaboni, ambavyo bei yake hupanda kwa kila gramu inayopunguzwa. Gramu hizo zina maana kwa mshindani anayepanda milima ya Alps. Kwa mtu aliyepakia kilo 60 za mbatata akielekea Darajani kwenye njia tambarare, kumwuzia wepesi wa gramu 200 ni mzaha.

Basi jibu halipatikani kwa kuuliza kama kilicho ghali ni bora kwa jumla. Aristotle, alipoeleza katika maadili yake habari za matumizi makubwa ya fedha, alisema kuwa yafaayo hutegemea anayetoa, kinachotolewa fedha, na hali iliyopo. Kanuni hiyo ilitungwa kwa matajiri wa Ugiriki waliogharimia merikebu na michezo ya kuigiza, lakini yafaa vile vile chini ya mwembe wa fundi baisikeli. Kila kiungo cha chombo kiulizwe peke yake.

Mnyororo, kwa mfano, wahitaji jicho zaidi kuliko fedha. Pini zake hutengana kwa nusu inchi, hata pingili 24 zikawa inchi 12 kamili. Ukilika, pingili hizo 24 hurefuka. Na urefu ukizidi kwa moja ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha kuyaharibu meno ya magurudumu yanayouvuta. Mwenye rula na chupa ya mafuta, anayeubadilisha mnyororo wa kawaida mapema, humshinda aliyenunua mnyororo wa fahari akausahau. Gololi nazo ni hivyo hivyo: za bei ndogo zilizotiwa grisi safi huishi kuliko za bei kubwa zilizoachwa zikauke. Katika viungo hivi ziada inayostahili kulipwa ni ya mkono wa fundi, si ya kiwanda. Na inashangaza kuona watu wasiobishana bei ya kitu kilichotoka ng'ambo wakibishana ujira wa fundi aliye mbele yao. Tandiko la ngozi ni raha ya mwenye kuketi, na raha ya mtu aijua mwenyewe. Spoki za chuma kisichoshika kutu, kwa kisiwa kilichozungukwa na chumvi, zinastahili bei yake mara nyingi.

Breki ni habari nyingine kabisa. Baisikeli nyingi za mtindo wa zamani zina ringi za chuma zilizopakwa kromu, nazo raba huzikamata vizuri wakati wa kiangazi. Zikilowa, raba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na chombo kilichopakia mzigo huendelea kwenda ilhali mwendeshaji amekwisha kuamua kusimama. Ringi za alumini hazina udhaifu huo kwa kadiri hiyo, na raba nzuri huusaidia zaidi upungufu uliobaki. Tofauti ya bei ipo. Lakini mwenye kuitafakari tofauti hiyo atagundua jambo lisilopatikana katika mnyororo wala tandiko: hasara ya breki mbaya haimwangukii mnunuzi peke yake. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kwa miguu ya watu na punda. Mtoto hutoka mlangoni mbio, bibi hupinda kona na kapu lake, na ukuta wa mawe uko upande huu na upande huu. Hawa hawakuulizwa dukani. Hawakupata faida yoyote katika shilingi zilizookolewa, na miili yao ndiyo iliyowekwa rehani.

Hapo ndipo uchumi unapogeuka kuwa maadili. Mtu ana ruhusa ya kubana matumizi katika kitu ambacho kikivunjika kitamchosha yeye, na ana ruhusa ya kufanya ufahari ikiwa anaumudu na hakumnyima mwenye haki. Hana ruhusa ya kubana matumizi katika mwili wa mwenzake. Raba za breki, uma wa mbele, ekseli na mpira wa mbele havimo katika hesabu moja na kengele na rangi, ijapokuwa vyote vimetundikwa ukuta mmoja wa duka.

Hoja hii yaweza kupingwa, na upinzani wake una nguvu. Ikiwa mchuuzi hana zile shilingi zinazozidi, je, amekuwa mkosefu kwa ufukara? Kumtaka aache kazi mpaka apate breki njema ni kuwataka watoto wake wafunge. Yako yanayoweza kupunguza ugumu huo: kitu kizuri kilichotumika, kilichotolewa katika mtumba, mara nyingi hupita kibaya kilicho kipya, na upatu, ambao wanawake wa Unguja huutumia kwa arusi na vyombo vya nyumbani, ungeweza kununua ringi mbili kwa zamu. Mwenye mwendo wa pole siku ya mvua naye amelipa kwa dakika zake kile ambacho hakuweza kulipa kwa fedha. Walakini haya yote bado humbebesha mzigo yule aliyekwisha kubeba tenga.

Wako wengine katika biashara hiyo hiyo. Yuko muuza duka, ambaye huijua raba iliyoigizwa na huiuza kwa jina la ile ya kweli. Huyo amewauzia wapita njia hatari wasiyoiona, na udhuru wa ufukara hanao. Yuko pia mwenye samaki. Mara nyingi samaki walio katika tenga si mali ya aliye juu ya tandiko. Ni mali ya tajiri anayengoja sokoni, na faida ya haraka ni yake kwanza. Tajiri huyo hununua barafu bila ya kunung'unika, kwa kuwa bila ya barafu samaki wataoza kabla ya kufika. Raba mbili za breki zahesabika pamoja na barafu hiyo, katika gharama za shehena yake.