Pasta ya Garissa, ndizi pembeni

Saa saba mchana mjini Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, sinia la pasta huwekwa katikati ya walaji. Juu yake kuna nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa bizari, iliki na mdalasini, na pembeni pana ndizi mbivu na kibakuli cha bisbaas, ile pilipili ya kusaga. Ndizi haingoji mlo uishe. Humenywa na kuliwa pamoja na pasta, tonge kwa tonge. Mgeni anayeionja mara ya kwanza hushangaa, kisha huongeza.

Pasta ni chakula cha Waitaliano, na njia iliyoileta haikuwa ya heri. Jubaland, ambayo leo iko Somalia, pamoja na mji wa Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza waliotawala Kenya hadi 1925, walipoikabidhi Italia kuwa malipo ya kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wao. Hakuna mfugaji aliyeulizwa. Mpaka ukapita katikati ya koo za Wasomali, malisho na visima vyao. Jamaa wakaendelea kuvuka na ngamia wao, wakaoana, wakazikana, wakapikiana. Huko ng'ambo, kwenye mashamba ya Waitaliano kando ya mito ya Juba na Shabelle, watu walilazimishwa kulima ndizi za kupelekwa Italia.

Je, ni halali ya moyo kuupenda mlo wenye asili hiyo? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu. Kwa kulinganisha, watu wa Thailand hawakutawaliwa na Wazungu. Pilipili, ambayo leo ndiyo roho ya upishi wao, ilitoka Amerika na kuwafikia baada ya Wareno kuingia bahari za Asia karne ya 16, nao wakaipokea wakiwa wenye nyumba. Msomali aliipokea pasta akiwa chini ya bendera ya mwingine. Ndiyo maana nawaheshimu sana akina mama walioishika ilipofika jikoni mwao. Wakaitia viungo vyao, wakaipa nyama ya mbuzi wao, wakaipakua kwenye sinia moja ili pasiwe na anayekula peke yake. Ndizi iliyokusudiwa meza za Roma wakaiweka mbele ya wageni wao. Walichonyang'anywa kilikuwa kingi kuliko sahani ya chakula, na sitaki kukipunguza. Lakini jikoni, amri ilikuwa yao.

Wapo wanaohofu kwamba vya kigeni vitafuta vya asili. Kwa chakula cha Kaskazini Mashariki sioni hivyo. Wali ulivuka bahari, halua ni ya Waarabu, chapati ni ya Wahindi, na bado maziwa ya ngamia huuzwa kila asubuhi. Nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa kisha ikahifadhiwa ndani ya samli, bado huandaliwa kwa arusi na kufungwa kwa safari ndefu. Aliyeshiba cha kwake haogopi kuonja cha jirani.

Kinachoniuma ni kwamba watu hawakupokewa kama vyakula vyao. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwakagua Wakenya wenye asili ya Kisomali peke yao, ikawapa kadi za pekee za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa alihojiwa kuhusu babu na ukoo wake kabla ya kupata kitambulisho, na basi la kwenda Nairobi limesimamishwa vizuizini abiria washuke mmoja mmoja. Wakati huohuo, katika hoteli za Wasomali mtaani Eastleigh, Nairobi, Wakenya wa makabila yote walikuwa wakiagiza pasta na nyama ya ngamia, wakanawa, wakala, wakaziita hoteli hizo zao. Ninataka mpishi wa mlo ule apite barabarani kwa wepesi uleule uliopewa chakula chake, na watoto wake wasiulizwe tena walitoka wapi katika nchi waliyozaliwa.