Mikwaruzo Chini ya Bawa

Huku Ibighi bati halidumu. Mvua za Tukuyu huanza Novemba, na zikifika Aprili shati lililofuliwa Jumatatu linakaukia jikoni Alhamisi. Msumari ulioachwa uani haumalizi wiki bila kubadilika rangi. Kwa hiyo nilipostaafu na kurudi nyumbani, nikaikuta ndege yangu ya utotoni haina hata doa la kutu, jambo la kwanza lilipaswa kuwa kuuliza ni nani aliyeitunza miaka yote hiyo, na aliitunzaje. Sikuuliza. Nayaandika haya kwa ajili ya wote wanaokusanya vitu vya kale, hasa vijana walioanza na redio za mbao, saa za ukutani na vichezeo vya zamani, ili yaliyonipata mimi yasiwapate wao.

Ndege hiyo aliileta baba mdogo mwaka 1973. Alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kipande cha Mbeya, na alipokuja likizo alitukuta wajukuu sita uani kwa bibi. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Gharama za hapa nyumbani, mishahara ya vibarua ikiwamo, zililipwa kwa utaratibu ambao wengi wameusahau: China ilileta bidhaa, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na fedha zilizopatikana zikaingia kwenye ujenzi. Ndiyo maana nyumba nyingi za rika langu zilikuwa na chupa ya chai yenye maua, tochi ya Kichina na mabakuli meupe yenye ukingo wa buluu. Baba mdogo alipokea mshahara uliotokana na bidhaa hizo, akaingia duka moja la Mbeya, akanunua mojawapo.

Ilikuwa ndege ya kivita ya jeti, mdomo wazi mbele kama MiG, mabawa yamelala kuelekea nyuma, nyota nyekundu kila upande. Karibu na mkia palikuwa na herufi MF. Wanaokusanya vichezeo vya bati vya China wanazijua herufi hizo: MF ni vile vya kusukuma, MS vya kukaza kwa ufunguo, ME vya betri. Unaikandamiza sakafuni, unaisukuma mara mbili tatu, gurudumu zito la chuma lililomo tumboni linashika kasi, ukiiachia inakwenda yenyewe ikinguruma. Ndani mlikuwa na kipande cha jiwe la kiberiti kilichosuguana na gurudumu, cheche zikaonekana kwenye kidirisha chekundu cha plastiki. Tuliichezea usiku, koroboi imezimwa, sita tumelala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo tukisubiri zamu.

Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 na redio ikawa inazungumzia ndege, sisi tulikuwa na yetu. JWTZ nayo ilikuwa na ndege za kivita zilizotengenezwa China, basi kwa macho yetu ile ya sakafuni na zile za angani zilikuwa ndugu. Mwaka uliofuata nilikwenda sekondari ya bweni, na ndege nikaiacha kwa bibi. Sikuiulizia tena.

Ukusanyaji nilianza miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, kwenye meza za mitumba ambako kichezeo cha Ulaya hutoka ndani ya gunia pamoja na nguo za watoto. Nilijifunza polepole. Nilisoma habari za Dinky Toys, vichezeo vya Liverpool vilivyotengenezwa na kampuni ya Meccano hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1979. Ndege zao nyingi za kabla ya vita vya 1939 zinapasuka zenyewe kabatini, bila kuguswa na mtu. Zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, na zinki ile ikiingiwa na risasi kidogo tu wakati wa kuyeyushwa, ugonjwa unabaki ndani yake: miaka inapita, bawa linavimba, linapata nyufa, siku moja linamegeka kama biskuti. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa tanuru. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza niliwahurumia wenye ndege hizo kuliko watu wengine wote wa fani yetu. Sasa naona wana bahati, kwa kuwa hasara yao haikutoka mikononi mwao.

Nilijifunza pia kanuni ambayo kila mkusanyaji huambiwa mapema: usipake rangi upya, usisugue, using'arishe. Ndege ya zamani yenye rangi yake iliyochubuka huthaminiwa kuliko ile iliyopigwa rangi mpya, hata hiyo mpya iwe nzuri namna gani. Kanuni hiyo niliishika kwa miaka zaidi ya ishirini, nikawakaripia wenzangu walioivunja. Vitu vya watu wengine nilivishika kwa ncha za vidole. Kilipokuja cha kwangu mwenyewe, nilichokichezea nikiwa mtoto wa miaka minane, nilikifanya kama sufuria iliyoungua. Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu ninaloliona ni kwamba kitu cha mgeni tunakitazama kama kilivyo, lakini kitu chetu tunakidai kifanane na siku ile tunayoikumbuka. Sikutaka ndege ya bati yenye umri wangu. Nilitaka ya mwaka 1973.

Dada ndiye anayeishi kwenye boma la wazee. Jiko bado lina mafiga, na juu ya mafiga uko uchaga wa kukaushia mahindi ya mbegu. Nilipandisha mkono kutafuta kibuyu, vidole vikagusa kitu chenye pembe. Niliishusha ndege ile, nyeusi tititi, masizi yamegandamana juu yake kama lami. Moto wa kila siku ulikuwa umeikausha, na moshi ukaivika koti ambalo unyevu haukuweza kulipenya. Makumbusho hutafuta mashine za kukausha hewa ya kabatini. Huku wilayani kwetu Rungwe uchaga ulifanya kazi hiyo kwa kuni za mparachichi.

Niliipiga picha moja kwa simu, nikaweka maji ya moto na sabuni ya unga kwenye karai. Masizi ya juu yalitoka, ya chini yakakataa. Nikachukua stilwaya.

Hapa nieleze namna kichezeo cha bati kinavyotengenezwa, maana ndipo lilipo kosa. Rangi yake haipakwi kwa brashi kikiwa tayari. Karatasi ya bati huchapwa michoro yote ingali bapa, nyota, madirisha, namba, hata riveti zisizokuwapo, kama gazeti linavyochapwa. Kisha hukatwa, hukandamizwa kwenye mashine ikapata umbo, na vipande huunganishwa kwa vidole vidogo vya bati vinavyopenya kwenye tundu na kukunjwa upande wa pili. Rangi hiyo ni nyembamba kupita kiasi. Chini yake kuna utando mweupe unaozuia kutu, na chini ya utando ni chuma kitupu. Ukiifuta, huwezi kuirudisha kwa brashi wala kwa kupuliza, kwa sababu haikuwa rangi ya namna hiyo tangu mwanzo. Na kile kidole cha bati, ukikinyoosha na kukikunja tena mara mbili, kinakatika.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku ile nikiwa nimeinamia karai. Nyota ya bawa la kulia ilitoka kwa kupitisha stilwaya mara tatu, nikaona povu limekuwa jekundu, nikajiambia nitaichora upya. Nikaigeuza. Chini ya bawa la kushoto, kwenye bati lisilochapwa kitu, palikuwa na mikwaruzo. Ilikuwa mirefu kwa mifupi, mmoja umesimama wima, mwingine umepinda, imechimbwa kwa kitu chenye ncha na mkono usio na haraka. Hilo nililiona wazi: hazikuwa alama za kuburuzwa sakafuni. Nilidhani ni utundu wa mtoto. Nikachukua kipande cha msasa laini nikailainisha mpaka bati likawa tambarare. Halafu nikachukua bisibisi nikanyoosha vidole vya tumboni ili nitie mafuta kwenye gurudumu, viwili vikakatika.

Nikaikausha, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga. Ilikuwa mwishoni mwa Machi. Plastiki katika mvua za Tukuyu hutoa jasho kwa ndani. Wiki tatu baadaye nilipoufungua, sehemu zote nilizozisugua zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, na pale palipokuwa na mikwaruzo kutu ilikuwa imeenea duara zima. Upande ambao sikuugusa, wenye masizi, ulikuwa salama.

Nilimwonyesha dada. Hakutazama kutu. Aliigeuza ndege moja kwa moja, akapitisha kidole gumba chini ya bawa la kushoto, akakirudisha, akapitisha tena.

"Kaka," akasema, "maandishi ya bibi yako wapi?"

Bibi hakuwahi kukaa darasani utotoni. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikaendelea hadi mtihani wa taifa wa mwaka 1975, wazee wa Ibighi nao waliitwa kisomoni. Mchana wanatoka shambani kwenye migomba, jioni wanakaa kwenye madawati ya wajukuu zao. Bibi alikwenda. Daftari lake halikubaki. Karatasi kwa wakati ule ilikuwa na kazi nyingi nyumbani, kuanzia kuwashia moto. Dada ananieleza kwamba nilipoondoka kwenda bweni, watoto wa baba mdogo waligombania ndege hadi wakavutana mashati. Bibi akawanyang'anya, akaketi kizingitini na msumari, akaandika chini ya bawa, akaipandisha uchagani. Akasema ina mwenyewe, na mwenyewe yuko shuleni. Bibi alifariki nikiwa kazini mbali, na miaka yote hiyo kila aliyekausha mahindi aliishusha ndege, akairudisha palepale.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Sikujua yangekuja katika umbo hilo hasa.

Basi mnaokusanya, nawaomba. Kitu cha zamani kikifika mikononi mwenu, mwiteni kwanza aliyeishi nacho, mkae naye, mkipitie naye kipande kwa kipande. Kila mkwaruzo muuliziwe. Alama ambayo hakuna anayeijua nayo iacheni, huenda atatokea wa kuijua. Vumbi lipunguzwe kwa brashi laini iliyo kavu. Maji yasisogezwe karibu na bati lililochapwa, na stilwaya ibaki kwa masufuria. Vidole vya bati visinyooshwe kwa sababu yoyote ile, hata kama gurudumu limekwama. Mfuko wa plastiki katika wilaya ya mvua kama yetu ni adui. Boksi la karatasi ngumu au la mbao, mahali pakavu penye hewa, linatosha. Na kabla ya yote hayo pigeni picha: juu, chini, ndani, pembeni, kisha chini tena kwa mwanga wa kulalia ubavuni, ambao ndio huonyesha maandishi ya msumari. Mimi hili la chini ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu upande wa juu ni wa kiwanda na uko kwenye maelfu ya ndege nyingine, ila upande wa chini ni wa nyumba moja tu.

Juzi nilikwenda kwa shangazi, mtoto wa mwisho wa bibi aliyebaki hai, nimweleze nilichokifanya. Niliomba radhi kwanza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza dada alisema imeandikwa nini. Nikamjibu, jina langu.

Shangazi akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Jina lako mama hakuliweza. Kisomoni aliacha mapema, alifika kwenye kuandika jina lake basi. Ile ni ya kwake, aliandika jina lake yeye."

Nilirudi nikamwambia dada. Anakataa. Anasema alimwona bibi kwa macho yake akiwauliza watoto herufi moja moja, na herufi alizoziuliza zilikuwa zangu. Nimejaribu kuikumbuka mikwaruzo yenyewe, maana kati ya wote waliobaki ni mimi niliyeiona mwisho, kwa karibu, kwenye mwanga mzuri wa mchana. Naukumbuka mmoja uliosimama wima. Naukumbuka uliopinda. Herufi ya namna hiyo iko kwenye majina yote mawili.

Ile picha niliyoipiga kabla ya kumwaga maji kwenye karai bado ninayo kwenye simu. Nimeikuza mpaka ikawa vidoadoa. Ndege imesimama kwenye kigoda, nyeusi, pua imeelekea mlangoni, mabawa yote mawili yanaonekana kwa juu.